Kuhamia Moshi na kuota mizizi: mwongozo kamili kwa mgeni wa mlimani

Mwaka wangu wa kwanza Machame, kwenye Mlima Kilimanjaro, niliumaliza juu ya kiti. Kila nilipofika kwa wakwe, kiti cha mbao kilitolewa sebuleni, kikapanguswa kwa upindo wa khanga, nikaambiwa, "Kaa, mwalimu, pumzika." Chai ikaja, ndizi zikaja, nikala, nikashukuru, nikaondoka. Wanawake wenzangu walikuwa nyuma ya nyumba wanamenya, wanachota maji, wanacheka. Mimi nilidhani nimeshapokelewa. Ilinichukua muda kuelewa kwamba nilikuwa ninaheshimiwa tu, na mtu haishi umri wake wote ndani ya heshima ya ugeni.

Wahenga wa kwetu Pwani walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwenye ukwe na kwenye uhamisho wa kikazi, hilo jembe haliletwi mlangoni; inabidi uliombe. Mwongozo huu wote umesimama hapo: utamaduni wa watu humwingia mtu kwa kazi anayoifanya pamoja nao. Salamu, lugha na chakula hufuata nyuma ya kazi hiyo. Mimi ni mtu wa Pangani, nimefundisha Moshi miaka 14, na nimeolewa kwenye ukoo wenye Waislamu na Walutheri ndani ya kihamba kimoja, yaani shamba moja la nyumbani. Ninayoandika hapa nimeyapitia mwenyewe, au nimeyaona kwa walimu wenzangu waliotoka Mtwara, Mwanza, Unguja na Kigoma.

Hatua ya 1: Jua unakwenda kilima kipi

Watu wa nje husema "Uchagani" kana kwamba ni kijiji kimoja. Anza Siha upande wa magharibi, pita Machame, Kibosho, Uru, Old Moshi, Kirua, Kilema, Marangu, hadi Rombo mpakani na Kenya. Hapo umevuka nchi ndogondogo nyingi, zamani kila moja ikiwa na mangi wake, yaani mtawala, na baadhi ziliwahi kupigana vikali. Mangi Sina wa Kibosho na Mangi Rindi wa Moshi walikuwa mahasimu katika karne ya 19. Mangi Meli, mwana wa Rindi, alinyongwa na Wajerumani Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, na wazee wa huko bado wanalizungumza jambo hilo kama la familia. Ukimwambia mzee wa Old Moshi, "Si nyie nyote ni Wachaga tu?" hatakugombeza. Atanyamaza tu, na hutajua ulichopoteza.

Lugha nazo zinatofautiana. Mmachame na Mrombo wakikutana stendi huongea Kiswahili, maana kila mmoja akishika lugha ya kwao hawataelewana vizuri. Dini pia imegawanyika kwa kilima: wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, ilhali Kilema, Kibosho na Rombo Ukatoliki ndio uliotangulia kushika. Hili si somo la historia la kupambia. Ndilo linaloamua kengele gani italia msibani, nani ataongoza kikao, na Jumapili utakuta watu wapi.

Kwa hiyo kabla hujafungasha, uliza mambo manne: kilima gani, ukoo gani, kanisa au msikiti upi, na nani ndiye mwenye neno la mwisho nyumbani. Jina la ukoo litakusaidia. Swai, Lema na Nkya mara nyingi ni watu wa Machame. Lyimo na Mtui utawakuta Marangu. Shirima, Tarimo na Kavishe ni wa Rombo. Ukilijua hilo, unapotambulishwa kwa mtu unaweza kumuuliza, "Wewe ni wa Marangu, au nimekosea?" Uso wake utafunguka hapo hapo.

Ukipangiwa Arusha badala ya Moshi, maswali ni hayo hayo ila majibu yanageuka. Wenyeji ni Waarusha, wanaoongea Kimaasai lakini ni wakulima wa siku nyingi, na Wameru, ambao lugha yao iko karibu sana na Kimachame. Mjini kwenyewe, Kaloleni au Ngarenaro, utakuta kila kabila na kasi ya maisha ni nyingine. Mimi naijua Moshi, basi nitabaki Moshi.

Na beba sweta. Mwezi wa 6 hadi wa 8 kule juu ni baridi ya kweli, na mtu wa Pwani anayetetemeka huonekana amenuna.

Hatua ya 2: Salamu, majina, na utani wa kuachana nao

Shikamoo inafanya kazi mlima mzima. Tofauti na kwetu ni urefu. Pwani tunaamkiana tukipita, "Hujambo, hatujambo, za nyumbani," miguu ikiendelea. Kule juu mtu mzima akisimama, na wewe simama. Weka mzigo chini. Ataulizia watu wa nyumbani kwako, naye ategemee umuulizie ng'ombe wake, mvua yake, na mtoto wake aliyeko Dar.

Jifunze salamu ya kilima chako kutoka kwa mtu wa kilima hicho. Upande wa Vunjo, yaani Kirua, Kilema, Marangu na jirani zake, utasikia "Shimbonyi", lakini usiende nayo Machame ukidhani umemaliza kazi. Neno la kushukuru, "aika" au "haika" kutegemea mahali, ndilo nililolitumia mapema kuliko yote, na ndilo lililonifungulia milango mingi. Litumie kwa wazee hasa.

Baada ya muda utapewa jina la mtoto: Mama fulani, Baba fulani. Kama huna mtoto, utaitwa kwa kazi yako au kwa kwenu. Kwa miaka miwili nilikuwa "mwalimu" na "yule wa Tanga". Usilipinge, litakwisha lenyewe.

Kuhusu "Mangi", "Meku" na "Manka": maneno haya mjini yamekuwa ya utani, duka lolote ni duka la Mangi. Mlimani mangi alikuwa mtawala, meku ni mzee wa kuheshimiwa, na Manka ni jina la kike. Wacha wenyewe wayatumie kwanza. Na ule utani wa Mchaga na hela uache kabisa. Nimewaona walimu wageni wawili walioanza nao ofisini wakiamini wanachangamsha watu, na hadi wanahamishwa hawakuwahi kualikwa nyumbani kwa mtu.

Hatua ya 3: Jifunze kihamba kabla ya kitu kingine

Ukitaka kuwaelewa watu hawa, usianzie sebuleni. Omba kutembezwa kihambani.

Kihamba ni shamba la nyumbani, na mtu wa tambarare akiliona mara ya kwanza hudhani ni pori. Juu kuna miti mirefu ya kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba mibuni, na chini kabisa magimbi na mboga. Pembeni kuna banda la ng'ombe asiyetoka. Majani analetewa, samadi yake inarudi kwenye migomba. Mfongo, yaani mfereji wa maji uliochimbwa na mababu, unapita na kugawa maji kwa zamu. Mpango huu umedumu vizazi vingi kwenye eneo dogo sana, na mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikitambua kihamba cha Shimbwe Juu, huko Uru, kuwa urithi wa kilimo wa dunia.

Kihamba ni zaidi ya chakula. Babu amezikwa pale. Mtoto wa kiume wa mwisho ndiye kwa desturi hubaki kwenye nyumba ya wazazi. Kahawa ndiyo iliyolipa ada za watoto tangu enzi za chama cha ushirika cha KNCU, kilichoanzishwa 1933, na ilihesabiwa kuwa mali ya baba. Ndizi ni za mama. Shika hilo la mwisho. Ukitumwa ndizi, usikate mkungu kwa sababu baba mkwe amesema "kata wowote". Muulize mama. Yeye anajua upi umekusudiwa soko, upi ni wa mzazi aliyejifungua, na upi ni wa pombe.

Sasa nikueleze kosa nililolifanya, maana ndilo lililonifundisha zaidi ya miaka yote ya kukaa kitini.

Likizo moja ya mwezi wa 6 niliamua nisaidie kwa hiari yangu. Niliona njia inayopakana na jirani imezibwa na mmea wenye majani marefu membamba, kama upanga, umepandwa mstari. Nikachukua panga, nikafyeka hatua kama kumi hivi, nikafagia, nikafurahi kuona njia imekaa safi. Mavyaa, yaani mama mkwe kwa Kiswahili cha kwetu, alipotoka aliweka ndoo chini na kushika kichwa. Nilikuwa nimekata masale.

Isale ndilo jani kuu la Wachaga. Hupandwa mpakani, na aliyeling'oa amegusa ardhi ya mwenzake. Hupandwa makaburini. Na mtu akikukosea akakuletea jani la isale lililofungwa fundo, ameomba msamaha kwa namna ambayo ni vigumu mno kuikataa. Mimi nilikuwa nimeukata mpaka na nyenzo ya kuombea radhi kwa panga moja.

Mavyaa hakunigombeza. Aliingia kihambani, akachagua jani moja lisilo na doa, akalifunga fundo, akanipa. "Twende." Tulipita pale pale nilipofyeka. Yule mama jirani alikuwa anaanua maharage. Mavyaa aliongea Kimachame kwa sauti ya chini. Mimi nilisimama nimeshika lile jani kwa mikono miwili, kama nilivyoelekezwa, sijui niangalie wapi. Jirani alinitazama, akalitazama jani, akafuta mikono kwenye khanga, akalipokea. Akasema kwa Kiswahili, "Mtoto hajui. Sasa amejua." Kisha akanionyesha vipande nilivyovikata. Isale haifi kirahisi. Kipande cha shina ukikichomeka ardhini hushika mizizi. Tulivichomeka upya watatu, tumeinama kwenye mstari mmoja, na hiyo ndiyo siku ya kwanza nilirudi nyumbani nikiwa na udongo wa Machame kwenye kucha.

Maagizo yanayotoka hapo ni haya. Usifyeke, usipande, usihamishe wala usichome kitu chochote mwaka wa kwanza bila kuuliza. Ukikosea, usijitetee kwa kusema hukujua. Mtafute mkubwa wa nyumba siku hiyo hiyo, umwambie, na umwache akuongoze. Ukienda kuomba radhi peke yako kwa maneno ya kwenu utazidisha, kwa sababu msamaha huku hupitia kwa mtu wa kati na una umbo lake.

Asiyeolewa wala kuoa huku naye anaweza kuifanya hatua hii. Wafanyakazi wengi wa Moshi mjini hupanda nyumbani Jumamosi kuangalia wazazi. Mwombe mwenzako mmoja uende naye, na umwambie waziwazi kwamba unataka kufanya kazi, siyo kutembea. Vaa viatu visivyoogopa tope.

Hatua ya 4: Ingia jikoni kwa mlango wa nyuma

Ombi langu la kwanza la jembe lilikuwa maneno manne: "Mama, nifundishe kumenya ndizi." Nilidhani kumenya najua. Ndizi mshare mbichi haimenywi kama mzuzu iliyoiva.

Paka mafuta mikononi na kwenye kisu kwanza, ama sivyo utomvu utanata na kukausha vidole. Usivae nguo unayoipenda, kwani doa la utomvu halitoki. Kata ncha zote mbili, chana ganda kwa urefu, kisha pitisha kisu chini ya ganda ukilisukuma kwa dole gumba. Kila ndizi ikimalizika itumbukize kwenye maji mara moja isije ikawa nyeusi. Mwanzoni nilikuwa nabakiza nyama nyingi kwenye ganda. Wifi yangu aliokota maganda yangu, akayakwangua, akanionyesha bila kusema neno. Kweli maganda huliwa na ng'ombe, lakini ndizi ni ya watu.

Ukishajua kumenya, jifunze mtori kabla ya kitu kingine, kwa sababu ndicho chakula cha mzazi na cha mgonjwa, na anayeweza kupika mtori hatakosa nafasi jikoni. Chemsha nyama yenye mifupa na chumvi hadi iive sana. Toa mifupa, weka ndizi zilizokatwa vipande, kitunguu na nyanya, ongeza supu ifunike. Zikilainika, ponda kwa mwiko hadi uji wake uwe mzito usio na mabonge, kisha rudisha nyama iliyochambuliwa. Mtu wa Pwani ataona mkono unaelekea kwenye iliki na pilipili manga. Uzuie. Utamu wa mtori ni wa ndizi na mfupa, na ulimi wako utauzoea kwa wiki chache tu.

Machalari, yaani ndizi zilizopikwa na nyama, na kiburu fuata baadaye. Kiburu, ndizi na maharage vilivyopikwa kwa magadi, kilinichukua mwaka mzima kukipenda, na sioni aibu kusema hivyo. Kipe chakula muda. Usitangaze kwamba hukipendi siku ya kwanza, maana neno hilo litakufuata miaka kumi.

Hapa jikoni ndipo pia utakapokutana na mgongano mkubwa kuliko wote kama wewe ni mwanamke: uzazi. Kwetu mimba ya kwanza ikikaribia, mtu anarudi kwa mama yake, anakaa arobaini. Huku mama mkwe ndiye anayemlea mzazi, na kwa desturi muda wake ni miezi mitatu ndani, mtori asubuhi na jioni. Mama yangu alikuwa ameshaandaa chumba Pangani, mavyaa ameshanunua mbuzi. Walioliokoa jambo hili walikuwa wao wenyewe wawili, si mimi. Niliwaunganisha kwa simu kila Jumapili kuanzia mwezi wa tano wa ujauzito, wakaanza kuulizana habari za afya, mwisho mama akapanda basi akaja Machame. Alikaa arobaini yake pale. Mavyaa alipika mtori, mama akanikanda kwa maji ya moto. Kama una jambo la namna hii mbele yako, usiwe mjumbe kati ya familia mbili. Wakutanishe mapema, mambo yakiwa bado ni mazungumzo.

Hatua ya 5: Sema mapema usichoweza

Kuchukua utamaduni wa watu hakudai uuze wako. Mimi ni Mwislamu. Mbege sinywi, nguruwe sili. Mbege ni pombe ya ndizi mbivu na ulezi, uchungu wake hutoka kwenye gome la msesewe, na huku haikuwa kinywaji cha kulewea tu. Ndiyo iliyofungulia vikao, posa na maombi kwa mababu. Kukataa kibuyu mbele ya wazee bila maelezo ni kama kuukataa mkono uliokunyooshewa.

Njia iliyonifaa: nilimwambia mavyaa peke yetu, jikoni, wiki kadhaa kabla ya shughuli. "Mama, mimi sinywi wala sigawi pombe, lakini sitaki wazee wadhani nawadharau. Nifanye nini?" Swali hilo la mwisho ndilo muhimu. Alinipa chai na maziwa. Tangu siku hiyo kwenye kila shughuli ya ukoo meza ya chai ni yangu, na wazee wenyewe hujibu kwa niaba yangu mgeni akinisogezea kibuyu. Kuhusu nyama, kwenye familia za mchanganyiko huku suluhisho ni la zamani: mbuzi anachinjwa na Mwislamu ili wote wale. Uliza tu nani atachinja, tena mapema, isiwe pale nyama imeshafika mezani.

Kanuni hii inawafaa pia wasiokula nyama, Wasabato siku ya Jumamosi, na yeyote mwenye mpaka wake. Kinachowaumiza watu ni kushtukizwa. Mpaka uliotangazwa huheshimiwa, na wanaopanda masale mpakani wanalijua hilo kuliko mtu yeyote.

Hatua ya 6: Msiba ndio mtihani

Nasema bila kusita: kama una muda wa kufuata hatua moja tu, fuata hii. Harusi utaalikwa kwa kadi. Msibani hakuna kadi, na kila mtu anaona nani amekuja na amefanya nini.

Kwetu maiti ya Mwislamu huzikwa haraka, siku hiyo hiyo ikiwezekana. Huku kwa Wakristo mazishi hungoja watoto waliotawanyika warudi, na marehemu huzikwa kihambani kwao hata kama alifia mbali. Kwa hiyo kuna siku kadhaa za matanga kabla ya maziko, na kila siku ina watu wa kulishwa. Kuna kikao kila jioni, kuna daftari la rambirambi, kuna kamati ya chakula, ya usafiri na ya jeneza.

Fanya hivi. Nenda siku ile ile uliyosikia, hata kwa dakika 20. Toa rambirambi yako kwa mwenye daftari, ihesabiwe na iandikwe. Kiasi si hoja kama jina kuwepo. Kisha, na hapa ndipo wageni wengi hukosea, usiketi kwenye viti vya mbele vilivyopangwa kwa waheshimiwa. Zunguka nyuma. Wanawake wako kwenye ndizi na masufuria, wanaume kwenye kuni, turubai na kaburi. Tafuta pengo, kaa, anza. Mimi sasa natembea na kisu changu kidogo na kichupa cha mafuta ndani ya mkoba ninapokwenda msibani. Mara ya kwanza nilipokaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na kuanza kumenya, mama mmoja aliinua macho akaniambia, "Sogea huku, jua litakuchoma." Hakuniita mwalimu. Hakuna aliyekwenda kuniletea kiti.

Ukiwa mjini Moshi au Arusha, msiba wa jirani wa mtaani una uzito ule ule. Usiseme, "Simjui." Ukienda ndipo utakapomjua.

Hatua ya 7: Desemba

Mwezi wa 12 mlima unajaa. Magari kutoka Dar es Salaam yanafuatana, nauli zinapanda, na tangu treni ya abiria iliporejea Moshi Desemba 2019 wapo wanaokata tiketi mapema kabisa. Usipange safari ya kwenu wiki ile ukiwa mgeni wa mwaka wa kwanza. Baki. Ndipo wanaukoo wote wanapokutana, vipaimara na harusi vinafuatana, makaburi yanasafishwa, ugomvi wa mwaka mzima unawekwa mezani. Kuhusu michango, weka akiba kuanzia mwezi wa 9. Waambie ukweli mapema kiasi unachoweza, na ukishaahidi toa.

Hatua ya 8: Ile miezi mibaya

Itakuja. Kwangu ilikuja mwezi wa saba. Mvua, baridi, Kimachame kikiruka juu ya kichwa changu mezani, na hamu ya kusikia mtu akisema "ati" kama wanavyosema kwetu. Nilichukia ndizi. Nilichukia namna watu walivyokuwa wakiamka alfajiri na kuanza kazi bila kuongea.

Ilinisaidia kujua kwamba jambo hili lina njia yake inayojulikana. Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg, katika makala yake ya 1960, alilieleza kama maradhi ya mtu aliyehamishwa ghafla: kwanza huja fungate, kila kitu kinapendeza, kisha huja uchungu na kuwalaumu wenyeji, halafu mtu huanza kupata nafuu, mwisho hukaa sawa. Mwanasaikolojia John Berry wa Kanada naye alieleza njia nne ambazo mgeni hushika: kuacha vya kwao na kumezwa, kujifungia na vya kwao, kupoteza vyote viwili, au kushika vya kwao huku akiingia vya wenyeji. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyoonekana mara nyingi kuwafaa watu zaidi. Nimewaona wenzangu kwenye zote nne. Waliojifungia ndio wengi: wanapika kwao, wanakutana wao, miaka sita Moshi na hawajawahi kupanda juu ya Kibosho Road.

Ukiwa kwenye miezi hiyo, usifanye uamuzi mkubwa. Usiombe uhamisho, usigombane na mkwe. Piga simu kwenu, lakini usimalizie huko kila lalamiko, maana watu wa kwenu watalibeba hata wewe ukishalisahau. Pika chakula cha kwenu mara moja kwa wiki. Na endelea kwenda kwenye ile kazi uliyopewa, iwe meza ya chai, iwe kukata majani ya ng'ombe, hata siku ambazo huna hamu. Mwili huzoea kabla ya moyo.

Hatua ya 9: Lete chako

Ukishakuwa na kazi yako kati yao, lete na ya kwenu. Ukileta mapema mno inaonekana unawasahihisha. Usipoleta kamwe, utabaki mwanafunzi milele. Mimi nilingoja mwaka wa tatu.

Pwani na mlima huu vinajuana siku nyingi. Misafara ya karne ya 19 ilianzia Pangani kwetu kuja Uchagani, na reli kutoka Tanga iliufikia mji wa Moshi mwaka 1911. Nazi ziko sokoni Mbuyuni hadi leo. Chagua iliyo nzito, itikise karibu na sikio usikie maji, angalia macho yake yasiwe na ukungu. Nilinunua mbili, nikapanda nazo Machame pamoja na mbuzi ya kukunia. Mavyaa aliposikia nimeleta mbuzi alitoka kwenda kutafuta kamba ya kumfunga, nikamwonyesha kile kigoda chenye meno ya chuma. Tulicheka hadi tukakaa chini. Kisha akakikalia yeye mwenyewe, akakuna, polepole, akiionja kila baada ya dakika. Nilipika mshare kwa tui, bila kiungo hata kimoja, ladha yao na yangu ndani ya sufuria moja.

Ile mbuzi sikurudi nayo mjini. Inatundikwa ukutani jikoni kwa mavyaa, karibu na mwiko wa mtori. Kila Ijumaa kabla sijapanda hunipigia simu kuuliza nimebeba nazi ngapi. Zamani zilikuwa mbili. Sasa nabeba sita, kwa sababu jirani wa mpakani naye ameomba zake.